Neno "liberal" lina maana ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu, wafasiri, waongoza watalii na wanafunzi wa Lamu na Malindi ambao hukutana na neno hili kila upande: gazetini, kwenye chupa ya losheni ya kukinga jua, katika barua ya chuo cha ng'ambo, katika mawaidha ya Ijumaa, na kwenye gumzo na mgeni wa Kitaliano. Herufi ni zilezile, lakini kinachosemwa si kimoja. Anayeichukua maana ya pahali pamoja akaipeleka pengine humwita mhafidhina mjamaa, au humwita mkarimu mtu asiye na dini.

Asili ya neno ni ipi?

Ni Kilatini. Liber ni mtu huru, yaani asiye mtumwa. Kutokana nalo Warumi wakapata liberalis: kinachomfaa au kinachomstahili mtu aliyezaliwa huru. Hapo mwanzo halikuwa neno la siasa hata kidogo. Lilisema habari za daraja ya mtu katika jamii, halafu za mwenendo unaotarajiwa kwa mtu wa daraja hiyo: asiwe bahili, asiwe mshamba, awe amesoma.

Kiswahili kina neno linalokaribia hilo?

Kinalo, na mtu wa Lamu analo mdomoni tangu utotoni: mwungwana. Katika miji ya pwani mwungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Ilikuwa habari ya nasaba. Pole pole neno likahama kutoka kwenye damu likaingia kwenye mwenendo, hata leo mtu akitoa nafasi yake kwenye mashua ili mzee akae, huambiwa ni mwungwana bila ya yeyote kuuliza babu yake alikuwa nani. Methali yenyewe inasema ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Liberalis lilipita njia hiyohiyo. Kiarabu nacho kina jambo kama hili: karim ni mwenye asili njema na pia ni mtoaji, na sisi tukabaki na "mkarimu" kwa maana ya pili tu.

Kwa hiyo ukikuta maandishi ya kale, kabla ya karne ya 19, yakisema mtu fulani ni "liberal", jaribu kwanza "mwungwana" au "mkarimu". Mara nyingi utakuwa umepata.

Kwenye losheni wameandika nipake "liberally". Ndiyo nini?

Paka kwa wingi, usibane. Hapa neno lina maana ya ukarimu wa mkono tu. Kwa kuwa wahudumu wengi wa hoteli huulizwa na wageni, kipimo chenyewe ni hiki: mwili mzima wa mtu mzima unahitaji kama mililita 30, sawa na vijiko sita vya chai, zipakwe kama dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka juani, na zirudiwe kila saa mbili au baada ya kuogelea. Wengi hupaka robo ya hiyo, ndiyo maana wanarudi kutoka ufuoni wamekuwa kama kamba waliochemshwa. Katika mapishi ni hivyohivyo: chumvi "liberal" ni chumvi ya kutosha, usiogope.

Binti yangu amepata nafasi katika chuo cha "liberal arts" Marekani. Atafundishwa siasa za huko?

Hapana. Ni shahada ya kwanza ya elimu pana, kwa kawaida miaka minne, ambamo mwanafunzi husoma fasihi, sayansi, historia na hesabu kabla ya kujifunga kwenye fani moja. Jina limetoka kwenye masomo saba ya zama za kati za Ulaya, ambayo yalihesabiwa kuwa ndiyo yanayomfaa mtu huru, tofauti na kazi za mikono: kwanza sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki.

Aliyepitia madrasa atazitambua tatu za kwanza mara moja. Nahau, mantiki na balagha ndizo elimu za ala ambazo mwanafunzi wa dini huzipitia ili aweze kuifikia tafsiri na fiqhi, na falaki bado inahitajika kwa nyakati za sala na mwandamo wa mwezi. Muziki ndio ungezua maneno.

Lini neno likawa la siasa?

Huko Cádiz, Hispania. Mwaka 1810 bunge lilikutana wakati majeshi ya Napoleon yameikalia sehemu kubwa ya nchi, na mwaka 1812 likatoa katiba iliyombana mfalme. Walioiunga mkono walijiita liberales, nao wakawabandika wapinzani wao jina serviles, maana yake wenye tabia ya kitumwa. Angalia jinsi jozi ya kale ya mtu huru na mtumwa ilivyorudi, mara hii ikiwa hoja: anayekubali mfalme asiye na mipaka amekubali kuwa mtumwa.

Uingereza neno liliingia kwanza kama dhihaka, wahafidhina wakiwatania wapenda mageuzi wa kwao kwa jina la Kihispania. Waliotaniwa wakalichukua wakalivaa. Chama cha Liberal kiliundwa mwaka 1859. Mawazo yenyewe yalikuwa ya zamani zaidi: John Locke alikuwa ameandika mwaka 1689 kwamba serikali hupata uhalali kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na Adam Smith mwaka 1776 alikuwa ametetea biashara isiyofungwa na ukiritimba. Lakini Locke na Smith hawakujiita hivyo. Ni sisi wa baadaye tuliowapa jina.

Waliberali wa Uingereza walifanya nini hapa pwani?

Swali hili tunalipenda, kwa sababu majibu yake yanaonyesha neno likijipinga lenyewe.

Mwaka 1907, London ikiwa chini ya serikali ya chama hicho, hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya. Mashamba ya Malindi, ambayo tangu miaka ya 1860 yalitoa mtama na ufuta kwa jasho la watumwa, yalipoteza msingi wake. Lakini fidia ililipwa kwa nani? Kwa mabwana. Mtumwa aliyeachwa huru hakupata kitu. Katika fikra za kiliberali za zama hizo, uhuru wa mtu na haki ya mali vilikuwa nguzo mbili za nyumba moja. Na mtumwa alipokuwa ni mtu na pia ni mali katika daftari la mwingine, serikali ilijaribu kuziridhisha nguzo zote mbili.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani. Nayo ni ya kiliberali halisi: kila kipande kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana, aweze kukiuza au kukiweka rehani. Aliyeweza kuleta madai na ushahidi wake alipata hati. Aliyelima kwa ruhusa ya mdomo, au kwa desturi ya ukoo wake, au aliyekuwa mtumwa wa juzi, hakuwa na karatasi. Ardhi isiyothibitishwa ikawa ya Taji la Uingereza. Kesi nyingi za maskwota unazozisikia Kilifi na Lamu mizizi yake inafika hapo. Sheria ilimwona mmiliki mmoja mmoja, na haikuwa na jicho la kuona shamba la watu wengi.

Tuongeze na hili: John Stuart Mill, ambaye mwaka huohuo wa 1859 aliandika utetezi mashuhuri wa uhuru wa mtu binafsi, alifanya kazi miaka 35 katika Kampuni ya East India, iliyoitawala India wakati huo, na alisema waziwazi kwamba kanuni yake haikuwahusu watu aliowaona hawajastaarabika. Msomaji wa pwani asome Mill, ila asisome akiwa amefumba jicho moja.

Kwa nini Mmarekani akisema "liberal" anamaanisha mpenda matumizi ya serikali, na Mzungu wa Ulaya anamaanisha mpenda soko?

Kwa sababu tawi moja la mti lilipinda mwishoni mwa karne ya 19, na si kila nchi ilifuata pindo hilo.

Mliberali wa kwanza, tumwite wa jadi, alimwogopa mfalme. Kwake uhuru ni kuachwa: serikali isikamate mtu bila sheria, isifunge gazeti, isiweke ushuru wa kuua biashara. Halafu viwanda vikaja, na watu wakauliza: mtoto wa miaka tisa anayefanya kazi mgodini, serikali haijamgusa, je, yuko huru? Waliojibu "hapana" wakawa waliberali wa kijamii. Kwao njaa, maradhi na ujinga ni minyororo kama jela ilivyo mnyororo. Ndipo serikali ya Liberal ya Uingereza ikapitisha pensheni ya wazee mwaka 1908, shilingi tano kwa juma kwa aliyefikisha miaka 70, na mwaka 1911 bima ya ugonjwa na ukosefu wa kazi.

Marekani neno lilifungwa kwenye maana hii ya pili na Franklin Roosevelt. Aliingia madarakani mwaka 1933, uchumi umeanguka, akatumia serikali kuajiri watu, kudhibiti benki na, mwaka 1935, kuanzisha malipo ya uzeeni. Aliyaita hayo uliberali. Mtangulizi wake, Herbert Hoover, alilalamika kwamba mliberali wa kweli ni yeye. Alishindwa kura, na neno likaenda na mshindi. Tangu hapo huko Marekani kinyume cha "liberal" ni mhafidhina, na "liberal" mara nyingi hutumika kwa mtu wa mrengo wa kushoto.

Ulaya bara neno lilibaki karibu na soko. Mfaransa wa mrengo wa kushoto akimwita mwanasiasa "libéral" anamtukana kwamba amewauza wafanyakazi kwa matajiri. Mmarekani wa mrengo wa kulia akitumia neno hilohilo anatukana kwa sababu iliyo kinyume kabisa.

Na Waitaliano wetu wa Malindi?

Kitaliano kimejisaidia kwa kuwa na maneno mawili. Liberalismo ni falsafa ya siasa: haki, katiba, mipaka ya dola. Liberismo ni imani ya soko huria peke yake. Mwanafalsafa Benedetto Croce na mwanauchumi Luigi Einaudi, ambaye baadaye alikuwa rais wa Italia kuanzia 1948 hadi 1955, walibishana kwa miaka kama cha kwanza kinaweza kusimama bila cha pili. Croce alisema kinaweza. Einaudi hakukubali.

Usichanganye na libero, ambalo utalisikia mara kumi kwa siku: chumba ni libero, maana hakina mtu, kuingia ni libero, maana hakuna kiingilio. Na mgeni akijitambulisha kuwa libero professionista hajakwambia chama chake. Amekwambia amejiajiri, kama vile wakili, daktari au mhandisi mwenye ofisi yake.

Chama kikiitwa Liberal, si ndiyo msimamo wake?

Jina la chama ni kama jina la mashua: haliendeshi tanga. Australia, Chama cha Liberal kilichoanzishwa na Robert Menzies mwaka 1944 ndicho chama kikuu cha wahafidhina. Kanada, Chama cha Liberal kiko katikati kikiegemea kushoto. Japani, Chama cha Liberal Democratic cha 1955 ni cha kihafidhina. Urusi kilikuwepo na kipo chenye jina hilo ambacho ni cha uzalendo mkali. Afrika Kusini, Chama cha Liberal cha 1953 kilipinga ubaguzi wa rangi, na mwaka 1968 kikajivunja badala ya kutii sheria iliyokataza vyama vyenye wanachama wa rangi mbalimbali. Kenya nako, LDP (Liberal Democratic Party) ya mwaka 2002 ilikuwa jahazi la waliotoka KANU kuelekea NARC. Hakuna aliyepanda kwa sababu ya Locke.

"Uliberali mamboleo" ni kitu gani, na unahusianaje na bei ya korosho?

Ni msimamo unaotaka soko liachiwe maamuzi mengi zaidi: mashirika ya umma yauzwe, bei zisipangwe na serikali, ushuru wa forodha upunguzwe, ruzuku ziondolewe. Wanauchumi walikutana Paris mwaka 1938 wakijaribu kufufua uliberali, na jina hilo lilizungumzwa hapo. Leo hulisikii sana kwa watetezi wake. Wanaolitumia wengi ni wapinzani, kwa hiyo ukilikuta, jua mwandishi yumkini analaumu.

Kwetu lilikuja bila jina, miaka ya 1980 na 1990, pamoja na masharti ya mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bei zilizopangwa na serikali ziliondolewa, mwaka 1993 shilingi ikaachwa ielee, na watu wakajifunza kusema "soko huria". Mkulima wa korosho wa Kilifi na Lamu aliyekuwa na mnunuzi mmoja mwenye bei iliyotangazwa, akawa na madalali wengi wanaokuja na mizani yao. Wakati mwingine bei ilipanda. Tatizo lilikuwa kwamba mkulima mwenye magunia mawili, asiye na ghala, akidaiwa karo ya shule, hana nguvu ya kungoja. Naye asiyeweza kungoja hapangi bei. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe nchini. Hatua hiyo ni kinyume cha soko huria. Ukitaka kujua kama rafiki yako ni mliberali wa jadi au wa kijamii, muulize aionaje marufuku ile.

Tupeni mfano mmoja wa hapa ambapo aina hizi zinabishana.

Bandari ya Lamu. Gati la kwanza lilianza kazi mwaka 2021. Mliberali mamboleo huuliza: nani aiendeshe kwa faida, na kwa nini isiwe mwekezaji binafsi? Mliberali wa jadi huuliza: ardhi ya nani ilichukuliwa, alilipwa kwa mujibu wa sheria, na aliyepinga aliachwa aseme? Wa kijamii huuliza: mvuvi aliyepoteza maeneo ya kuvulia ana njia gani ya kuishi? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile inawafurahisha wa pili na wa tatu. Lakini yupo anayeuliza swali la nne: desturi za kuvua za visiwa hivi ni za watu wa mji kwa pamoja, mbona fidia huhesabiwa kwa kichwa kimoja kimoja? Huyo si mliberali wa aina yoyote, na swali lake ni zito.

Katiba ya Kenya ni ya kiliberali?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, tena imechanganya aina mbili. Uhuru wa dhamiri katika kifungu cha 32, wa kujieleza katika 33 na ulinzi wa mali katika 40 ni uliberali wa jadi. Kifungu cha 43, kinachotaja afya, makazi, chakula, maji na elimu, ni cha kijamii. Kisha kuna vifungu vya 170 na 24(4): Mahakama za Kadhi zinaamua hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, na kanuni ya usawa inapunguzwa kwa kadiri tu inayohitajika. Mliberali mkali huona hapo doa. Mwingine huona kwamba kumruhusu mtu aishi kwa dini yake ndiko uhuru wenyewe. Hatutaumaliza ubishi huo hapa.

Wakili akisema sheria isomwe "liberally", ni jambo jingine kabisa: anataka tafsiri pana inayofuata makusudio ya sheria, badala ya tafsiri finyu ya herufi.

Habib Saleh aliwafungulia elimu wanyonge. Tumwite mliberali?

Tusimwite. Ni kweli kwamba Habib Saleh, ambaye Msikiti wa Riyadha wa mwanzoni mwa karne ya 20 umefungamana na jina lake, aliwafundisha watu ambao waungwana wa Lamu hawakuwahesabu, wakiwemo wenye asili ya utumwa. Lakini hakufanya hivyo kwa hoja ya haki za mtu binafsi. Msingi wake ulikuwa dini na mapenzi ya Mtume. Matunda yakifanana, mti si lazima uwe mmoja.

Kosa la namna hiyo hufanywa pia kwa watu wa islahi, kama Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Kutaka mageuzi na kurudi kwenye asili ya dini si uliberali. Katika dini, "liberal" hutajwa kwa anayeona kwamba maandiko yasomwe upya kwa mwanga wa akili na zama. Wengi huliona neno hilo kuwa shutuma: Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa dhidi ya uliberali wa kidini mwaka 2005. Kwa hiyo usimbandike mtu jina hilo mpaka umsikie mwenyewe akijiita.

Mtaani wanasema "mama fulani ni liberal". Wanamsifu au wanamsema?

Sikiliza sauti. Likitoka kwa kijana, ni sifa: mama habani, anaruhusu, anasikiliza. Likitoka kwa jirani aliyeshusha sauti, ni kwamba watoto wamemshinda. Ukifasiri, "asiyebana" linabeba pande zote mbili. "Mlegevu" tayari limeshahukumu.

"Libertarian", "liberation" na "library" ni ndugu zake?

Mawili ya kwanza, ndiyo. Mlibertari ni mliberali wa jadi aliyekwenda mpaka mwisho wa njia: hata shule na barabara angependa serikali isiziguse. "Liberation" ni ukombozi, na vyama vingi vya ukombozi vya Afrika vilikuwa vya kijamaa, havina habari na uliberali. "Library" limetoka kwenye liber nyingine, yenye irabu fupi, maana yake gome la mti na baadaye kitabu. Liberia, iliyojitangazia uhuru mwaka 1847, ni ndugu wa damu.

Nifasiri vipi bila kukosea?

Anza na nomino iliyo jirani: chama, soko, elimu, tafsiri, kiasi. Mara nyingi nomino hiyo peke yake inatosha. Pili, tazama msemaji ni wa nchi gani na mwaka gani; "liberal" ya Chicago ya leo na ya London ya 1860 hazikai chungu kimoja. Tatu, tazama herufi: kwa Kiingereza L kubwa katikati ya sentensi kwa kawaida ni chama, na jina la chama huachwa lilivyo.

Kwa siasa andika mliberali, waliberali, uliberali, -a kiliberali. Jihadhari na "huria". Ni zuri kwa soko, lakini limeshapewa kazi nyingine: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo kilicho wazi kwa wanaosoma wakiwa mbali, na programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote. Ukiandika "elimu huria" kwa "liberal arts", msomaji ataenda kutafuta masomo ya posta. Andika "elimu pana", na kama nafasi inaruhusu, yataje yale masomo saba.